Mkwe Hapewi Mkono wa Kushoto

Nchagwa Mniko,
Nyuma ya mnada wa zamani,
Kata ya Nyamwaga,
Tarime.
(Sina sanduku la posta. Nina mlango, na ukigongwa unafunguliwa.)

Kwa Katibu,
Kamati ya Malalamiko ya Wagonjwa,
Huko huko mliko.

Ndugu Katibu,

YAH: MADAI YA FIDIA YA BEGA LA KULIA LILILOHARIBIWA KWA SINDANO YA CHANJO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na ukishamaliza kuhusika na kichwa, teremka kidogo uhusike na bega. Shikamoo sijaiandika kwa sababu siujui umri wako. Naiacha hapa pembeni: kama umenizidi ichukue, kama nimekuzidi nasubiri yangu.

Mimi ni yule Nchagwa wa Nyamwaga aliyewaandikia wakati wa palizi. Mlinijibu mahindi yakiwa yameshaanza kubeba, na kwa kujibu kwenu nawashukuru kwa dhati, maana zamani nilikuwa na jambo moja la kulalamikia na sasa ninayo mawili, bega na jibu. Jibu lenyewe nimelisoma hadi karatasi imelegea. Mwanzoni mnasema malalamiko yangu yamepokelewa na "yanafanyiwa kazi." Katikati mnasema maumivu ya bega langu "yanaendana na umri wa mlalamikaji." Mwishoni mnasema muuguzi aliyenichoma amesimamishwa kuchoma sindano "hadi uchunguzi utakapokamilika." Mimi niliishia darasa la saba, lakini hata mtoto wa chekechea akisomewa barua hiyo atauliza: kama bega limeharibiwa na uzee, muuguzi amesimamishwa kwa kosa gani? Au yeye ndiye aliyenizeesha?

Na tukiwa hapo hapo kwenye uzee. Mabega yangu haya mawili ni rika moja, Ndugu Katibu. Yalizaliwa siku moja, yakaingia jandoni siku moja, yakashika jembe msimu mmoja. La kushoto liko hapa, linainuka hadi juu ya sikio bila kelele. Kama uzee umefika kwangu, basi umefika ukiwa na barua ya utambulisho ya upande mmoja tu wa mwili, na ningependa kujua ofisi gani iliisaini.

Nitaeleza kisa tena taratibu, kama wanavyoelezwa watu wanaofanyia kazi. Jirani yangu Joram alikuwa na mbwa aliyeitwa Hakimu. Jina alimpa mwenyewe, akisema mbwa yule hakosei mwizi. Siku moja Hakimu akabadilika. Akawa anayumba, anatokwa na mate, anauma hata hewa. Akamuuma ndama wa Joram puani. Akamuuma Joram mwenyewe kiganjani alipojaribu kumfunga kamba. Kisha akaruka uzio na kuja kunihukumu mimi, ambaye sikuwa na kesi yoyote, kwenye shavu la mguu. Vijana walimuua kwa mawe kabla hajafika shuleni. Watu wa afya wakatangaza kwamba kila aliyeumwa aende kituo cha afya akapate chanjo ya kichaa cha mbwa, na kwamba si sindano moja, ni mfululizo, na mtu hatakiwi kuuacha katikati. Nikaenda, kwa kuwa mimi ni raia mtiifu.

Nilipofika nikamkuta muuguzi wa zamu anaitwa Robi. Robi ni mke wa mwanangu Mogesi. Hapa ndipo ulipo mzizi wa shauri lote, kwa hiyo weka kikombe chako cha chai chini usome.

Kwetu sisi baba mkwe na mke wa mwanawe hawaoneani hovyo. Mimi siingii nyumba ya Mogesi. Robi akinikuta nimekaa njiani, huzunguka kwenye migomba. Hatushikani mikono, wala hatutazamani usoni kupita lazima. Na kuvua nguo mbele yake, hata shati, ni jambo ambalo sitalitaja katika barua hii isipokuwa pale sheria inaponilazimisha. Kiswahili kina neno lake, soni, na Kikurya chetu kina neno hilo hilo kasoro mwanzo wake kidogo, kwa hiyo usijifanye hujaelewa lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Malalamiko yangu basi ni haya, na nimeyatia namba kwa kuwa naambiwa msipoona namba mnapata usingizi.

1. Kwamba muuguzi alinitaka nivue. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo Baba," akiwa anaitazama kalenda ya ukutani, nami nikaitikia nikiwa nautazama mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, naomba uvue koti na shati, sindano inatakiwa iingie kwenye nyama ya mkono." Nikaendelea kuutazama mlango. Akarudia. Nikakohoa. Mtu mwenye malezi anajua baba mkwe akikohoa maana yake nini, na Robi ametoka nyumba yenye malezi, hivyo hakurudia tena. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wote walilisikia.

2. Kwamba sindano iliingia juu mno. Nilifungua kifungo cha juu cha shati, nikavuta ukosi pembeni huku koti nikiwa nimelivaa, nikamwachia mahali pa kutosha kabisa, upana wa kizibo cha soda, pale juu mfupa unapoanzia. Mahali hapo palikuwa pasafi, nilipasugua mwenyewe asubuhi. Naye akachoma hapo hapo nilipomwonyesha! Muuguzi mwenye cheti, aliyesomeshwa kwa kodi zetu, anakubali kuelekezwa pa kuchoma na mkulima wa ndizi! Isitoshe alichoma akiwa amegeuza uso kwa heshima, jambo ambalo nikiwa baba mkwe nalisifu na nikiwa mgonjwa nalilaani. Naomba Kamati ipokee sifa na laana hizo kila moja kwenye faili lake.

3. Kwamba hakuna mtu aliyefikiria habari ya mkono. Baadaye nilikuja kuambiwa kuwa mtu mwenye akili hutoa mkono asioutumia sana, ili ukiuma usimkwamishe kazi. Mimi nilitoa wa kulia. Nilitoa wa kulia kwa sababu mkwe hapewi mkono wa kushoto. Hata kikombe cha maji humpi kwa kushoto, sembuse bega zima? Kwa hiyo mkono ulioharibika ndio ule wa jembe na wa fimbo, mkono wa kupokelea wageni. Serikali inayojua kutuhesabia ng'ombe hadi mkia ilishindwaje kujua jambo dogo kama hilo kabla ya kutuletea chanjo?

Hapa nisimame kidogo, maana najua mnacheka. Maumivu haya ni ya kweli. Daktari mmoja wa mjini, mwanamume, asiye mkwe wa mtu yeyote kwetu, alinipima na mbele yake nilivua bila shida. Akasema ndiyo, sindano ikiingia juu mno inaweza kufika kwenye maungio, na bega likavimba ndani kwa ndani miezi mingi. Akanipa mazoezi ya kutambaza vidole ukutani kama mjusi. Nayafanya. Mkono unafika usawa wa kifua unakataa, kama punda aliyeona daraja. Nimelia kwa ajili ya bega hili, Ndugu Katibu, na mimi ni mtu niliyesimama chini ya kisu cha jando bila kupepesa macho mbele ya ukoo wote. Nakuandikia hilo wewe tu na usilisambaze.

Tuendelee na hasara.

4. Kijiji kilikaa mkutano kuamua josho la ng'ombe lijengwe wapi, na kura ilikuwa ya kunyoosha mikono. Wa kulia ukagoma, nikanyoosha wa kushoto. Mwenyekiti akasema anayenyoosha mkono wa kushoto anautukana mkutano, akairuka kura yangu. Josho sasa linajengwa ng'ambo ya mto, na ng'ombe wangu wataogeshwa kisha watavuka maji na kuoshwa dawa yote kabla hawajafika nyumbani. Nadai josho lihamishwe.

5. Mzee asiyeweza kunyoosha fimbo anabaki kuelekeza kwa kidevu. Ng'ombe wetu hawajafundishwa kidevu. Niliwaelekeza kwenye majani ya bondeni wakaelewa maharage ya shule. Mwalimu mkuu amenitukana kwa Kiswahili sanifu kabisa, na matusi ya Kiswahili sanifu yanakaa moyoni muda mrefu kuliko ya Kikurya. Nadai Kamati iende ikamwombe radhi badala yangu.

6. Hili linahusu pombe. Mke wangu Nyangi amesoma rasimu ya barua hii akasema namba sita niifute, kwa sababu sisi wazee tunakunywa kwa mrija mrefu kutoka chungu kimoja na mrija hauhitaji bega. Namba nimeiacha, maelezo nimeyafuta.

7. Kwamba njia ya mahakama nayo imezibwa. Yupo kijana anaitwa Dullah, wakala wa mizigo pale Sirari, ambaye Kiswahili chake kimelala Isebania, upande wa Kenya, na hakijaamka vizuri. Ndiye aliyenifungua macho. Alisema, "Mzee, hii maneno usiiwache hivi. Kuna nchi huko ng'ambo watu wanalipwa na serikali juu ya bega tu, na sindano ni kama hii hii." Nikapanda hadi Mugumu kwa wakili, binti mmoja anaitwa Kauthar, ofisi yake iko nyuma ya duka la baba yake. Akanisikiliza vizuri, akaandika, kisha akaanza kuharibu. Akasema kwanza mahakama itamwita muuguzi atoe ushahidi. Yaani mimi na mkwe wangu tusimame chumba kimoja tukisemezana juu ya mwili wangu mbele ya karani! Pili, akasema, mahakama itataka kuona mahali sindano ilipoingia, kwa hiyo nijiandae kuvua shati kizimbani. Nikamuuliza kama hakimu hawezi kulipapasa bega juu ya koti. Aliniuliza tu, "Mzee, muuguzi alikuambia uvue shati, hakukuambia?" Nikamjibu hilo ni la familia. Akafunga kalamu yake na kunitakia safari njema. Vijana wa siku hizi wanasoma sheria hadi hamu ya kesi inawaishia.

8. Kwamba nilijaribu kuisaidia Serikali nikachekwa. Nilikwenda Tarime mjini kwa fundi cherehani Abdurahmani, ambaye baba yake alitoka pwani na cherehani begani, nikamwomba anishonee shati lenye mlango pale panapochomwa, mlango wenye kifungo, unafunguliwa sindano inapita unafungwa. Ningewapa Serikali ubunifu huo bure, wakwe wa nchi nzima wakachanjwa kwa amani. Abdurahmani akashika kidevu, akasema, "Mzee wangu, nimeshona makanzu, nimeshona mashela, nimeshona hadi sare za mgambo. Shati lenye mlango nikilitundika hapa nje, wateja watanikimbia. Si uvae fulana isiyo na mikono tu?" Fulana! Nguo ya ndani, mbele ya mke wa Mogesi! Nilitoka dukani bila kuaga. Ninataja jambo hili ili mjue kwamba njia zote za kistaarabu nimezipita kabla ya kuwa mkali.

9. Sasa nakuwa mkali. Nani aliwatuma mmsimamishe Robi? Nilishitaki sindano. Nilishitaki Serikali, yenye majengo na magari na walinzi wa getini, ambayo ikishitakiwa haikosi usingizi. Ninyi mkaangalia huku na huku mkaona mtu mwepesi wa kuangukiwa ni yule binti. Anashinda nyumbani sasa. Wanawake kisimani wanamwita Robi Mvunja Mabega, na wengine wanasema atafukuzwa kazi moja kwa moja. Mogesi hanisemeshi, ananiletea salamu kupitia mama yake. Na kila siku jua likipanda mkwe wangu huyo anakuja na birika la maji ya moto ya kukandia bega langu, analiweka kwenye kizingiti, anakohoa, anaondoka kabla sijatoka. Maji yana chumvi kidogo, kama inavyotakiwa. Nayatumia kwa hasira.

Huko kituoni nako mambo ni aibu. Yupo tabibu wetu Simoni, lakini Simoni amekwama na karatasi zenu mjini zaidi ya anavyokaa na wagonjwa, na mchomaji wa kuazima anatokea akipata usafiri. Kina mama wa Nyamwaga wanafika na watoto mgongoni, wanaambiwa anayechoma amesimamishwa, wanarudi na watoto hao hao na kadi tupu. Dawa imekaa kwenye jokofu inapata baridi kwa niaba yetu. Uchunguzi wenu "utakamilika" lini? Hakuna aliyekuja kuniuliza hata swali moja. Mnalichunguza bega langu kwa kulifikiria kutoka mbali, kama watu wanaobashiri mvua.

10. Kwa hiyo nimegoma. Nilichomwa sindano ya kwanza tu, ile ya bega. Zile zilizofuata nimezikataa zote na nitaendelea kuzikataa hadi nilipwe haki yangu, na nikipata kichaa cha mbwa kichaa hicho kitakuwa mali ya Kamati. Jirani yangu Joram ananiunga mkono. Yeye hakwenda kabisa, hata ya kwanza, baada ya kuona ninavyokula kwa mkono uliofungwa kwa kitenge. Alisema mbele ya watu kilabuni, "Bora nibweke kuliko kuwa na mkono kama wa Nchagwa." Nilimpongeza kwa msimamo wake. Wazee wengine wawili walioumwa na mbwa wengine huko nyuma wamesema nao wakiitwa tena hawaendi. Mnaona basi kwamba hili si suala la mtu mmoja, ni vuguvugu.

Kutokana na hayo nadai yafuatayo, na sitapunguza hata moja.

Serikali ikiri kwa maandishi kwamba bega langu halijazeeka. Kukiri huko kusomwe kwa kipaza sauti siku ya mnada, kabla ng'ombe hawajaanza kunadiwa, watu wakiwa bado hawajalewa.

Nilipwe ndama jike kama fidia, na ndama huyo achaguliwe na mimi, si na mtaalamu.

Katika kila kituo cha afya cha kanda yetu awekwe mchomaji mwanamume asiye na mke, dada, shangazi wala shemeji katika koo za hapa. Najua mtasema hakuna mtu wa namna hiyo, maana kwetu ukitembea hatua chache umeshakanyaga ukwe. Mtafuteni mbali. Nchi ni kubwa.

Kabla ya chanjo yoyote kuingia mkoa wa Mara, isomwe kwanza kwa wazee, na wazee waseme ni mkono gani.

Na Robi arudishwe kazini, lakini asinichome mimi. Hili sidai kama fidia. Ninalidai kwa sababu kosa si lake, ni la sindano, na sindano ni ya Serikali. Kama Kamati haiwezi kutofautisha kati ya mkwe wangu na sindano, basi naomba Kamati nayo ichunguzwe.

Mkinijibu tena kwamba jambo langu linafanyiwa kazi, nitapanda gari nije nikae kwenye benchi la nje ya ofisi yenu na bega langu, nione kazi yenyewe inafanywa na nani na kwa mkono gani. Kuandika bado naweza, maana kalamu haiinuliwi juu. Ndiyo kazi pekee mliyoniachia, na nitaifanya sana.

Nisalimie wanakamati wote, waliosoma barua yangu na waliotia sahihi bila kuisoma. Nisalimie yule dada wa mapokezi anayesema "subiri kidogo" kwa upole hadi mtu anajisikia vibaya kuchoka. Nisalimie mlinzi wa getini, ni mtu wa Nyambureti, ana adabu, siku nilipoleta barua ya kwanza alinipa kiti. Nisalimie dereva wa gari lililosemekana linakuja kuniona. Mwambie barabara yetu ni ya vumbi lakini inapitika, na kama amepotea aulize mtu yeyote habari za mzee mwenye mkono mmoja. Watoto wa ofisini mwote wabusu.

Wenu asiyeweza kuwapungia,

Nchagwa Mniko,
Mlalamikaji.

NYONGEZA. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi ya ugali. Nimeifungua.

Ndama wa Joram amekufa. Jana alianza kugonga kichwa kwenye nguzo za zizi, mate yanamtoka kamba kamba, anatoa sauti ambayo katika maisha yangu yote ya kufuga sijaisikia kwa ng'ombe. Akawekewa maji, akashindwa kuyameza. Leo asubuhi tumemkuta amelala na ulimi nje. Joram alikuja akasimama mlangoni kwangu akakiangalia kiganja chake. Nami nikauangalia mguu wangu. Niliogopa, Ndugu Katibu. Nilimwogopea yeye zaidi, kwa sababu mimi nina ile moja ya bega na yeye hana hata moja, na kilabuni nilimpigia makofi.

Tukaenda kituoni mbio. Dawa ipo. Simoni yuko mjini kwenu, amewaletea karatasi. Mwenye mkono wa kuichoma yuko nyumbani kwa mwanangu, pale nisipoingia. Nilisimama nje ya uzio nikamwita kwa sauti, jambo ambalo baba mkwe hafanyi. Akatoka na unga mikononi. Akasema, "Baba, Kamati imenikataza." Nikamwambia anawe mikono twende. Mkwe hakatai neno la baba mkwe, kwa hiyo kama kuna wa kuadhibiwa kwa kuvunja amri yenu, ni mimi, na jina langu liandikeni vizuri.

Pale kituoni Joram akagoma. "Anza wewe, Nchagwa," akasema. "Nikuone kwanza." Madirisha yote yalikuwa na watu. Nikavua koti. Nikavua sweta. Nikavua na shati, nikalikunja, nikaliweka kwenye kiti, nikakaa nilivyozaliwa kuanzia kiunoni kwenda juu, nikatoa mkono wa kushoto. Hakuna aliyecheka. Robi aliniangalia, akaniangalia kabisa kama anavyomwangalia mgonjwa yeyote, akaweka vidole kwenye mfupa wa bega, akashuka navyo hadi kwenye nyama, akachoma. Nikamwambia aharakishe nisije nikabadili nia. Akasema, "Tayari, Baba." Sikusikia kitu. Halafu akaanza kulia, nami sikujua pa kutazama, nikamtazama yeye.

Joram naye amechomwa. Robi anasema madhali bado anameza maji vizuri, tuna haki ya kutumaini. Tangu atoke pale Joram anakunywa maji kila dakika, anamaliza kata anageuka kunitazama usoni kama nimeona, nami namwambia nimeona, kunywa tena.

Wazee wamekaa na kuamua nichinje mbuzi wa kuondoa soni. Nitachinja. Madai yangu yote yanabaki kama yalivyo, isipokuwa Robi awe amerudi kazini kabla ya sindano yetu inayofuata, maana yeyote mwingine mtakayemleta Joram amesema hamtaki, na mimi pia. Na kila mahali katika barua hii nilipoandika "sindano," tafadhali msome "shati."